Nani anakumbuka skeiti za Aga Khan Walk kabla ya uwanja wa skeiti wa Kangemi kujengwa?

Mwana wa Buru aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Wiki iliyopita nilikuwa nikimsaidia mama kusafisha stoo, na nyuma ya jiko bovu la makaa nikaukuta ubao wangu wa skeiti, mkia umekatika na magurudumu yamebaki matatu. Mwanangu wa miaka tisa aliutazama kwa muda, kisha akauliza kama hicho ni kibao cha chapati.

Nilicheza kati ya mwaka 2006 na 2011. Jumapili, mji ukiwa umetulia, tulikutana Aga Khan Walk, katikati ya Nairobi, karibu na Reinsurance Plaza, kwa kuwa magari hayapiti pale, tukateleza mpaka soja wa jengo moja alipotufukuza kwa filimbi, kisha tukahamia kwenye maegesho ya Sunken Car Park kana kwamba tulikuwa na miadi huko. Ningependa kumsimulia kijana huyu mambo yalivyokuwa, lakini kumbukumbu zangu zimechanganyika. Ninyi mlipata wapi mbao na vipuri? Na je, ubao huu unaweza kutengenezwa, au niutundike tu ukutani?

Fundi Beringi alijibu:

Kaka, umenigusa. Vipuri tulivitafuta Kirinyaga Road, ambako wazee mpaka leo wanakuita Grogan. Beringi ya skeiti huandikwa 608: tundu lake lina upana wa milimita 8, na duara la nje ni milimita 22. Nakumbuka nilipoingia duka la kwanza na kuomba beringi nane, mwenye duka aliniuliza ni za gari gani. Nikamwambia ni za gari la mbao. Akacheka, akaniita kijana wa mkokoteni, lakini akaingia nyuma ya duka na kuniletea zilizokuwa na namba ileile.

Kazi kubwa haikuwa kuzipata bali kuzilinda na vumbi. Wanaoishi Nairobi wanaijua ile ardhi nyekundu ambayo wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Baada ya wiki mbili gurudumu lilianza kulia kama panya, nasi tukazitoa beringi moja moja, tukazilaza usiku kucha katika kikopo cha mafuta ya taa, asubuhi tukazikausha na kuzitia tone la mafuta ya cherehani. (Mama yangu hakuwahi kuelewa kwa nini mafuta ya cherehani yalikwisha ilhali hakuna aliyeshona.)

Mbao zenyewe tuliziokota kwenye masoko ya Gikomba na Toi, katikati ya lundo la vitu vya kuchezea vya mitumba. Mwuzaji hakujua thamani yake, nasi hatukuona sababu ya kumweleza. Zilipokosekana, nilimpelekea seremala kipande cha plaiwudi akanichongea. Ulidumu siku tatu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ubao halisi huwa na matabaka saba ya mti wa mepo yaliyogandishwa kwa gundi, mengi yakifuata urefu na machache yakikata upana, na kwamba hupindwa ndani ya kalibu ili mguu upate pa kushika. Wangu ulikuwa bapa kama meza, na nilipoukanyaga mkia kwa nguvu ukanyofoka.

Kuhusu swali lako la mwisho, ubao uliovunjika mkia hauna tiba. Lakini ekseli usizitupe kamwe, kwa sababu chuma hicho kinaweza kuishi zaidi kuliko sisi.

Dada wa Kangemi alijibu:

Nawaheshimu, kaka zangu, lakini naomba nisikubaliane na utamu wote huu. Mimi nilikuwapo pia Sunken Car Park, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuangalia mabegi yenu. Msichana akiomba ubao alipewa dakika mbili, tena jua likiwa linazama na nyote mmechoka. Siku niliyopata zamu ndefu niliteleza kwenye changarawe, nikaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kofia ngumu wala kinga za magoti.

Uwanja wa zege ulipojengwa mwaka 2013 hapa kwetu Kangemi, katika makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid, jambo la kwanza nililofundishwa ni namna ya kuanguka. Miaka yote ya mjini hakuna aliyewahi kunifundisha hilo. Tusisahau pia kwamba majirani zetu wa Kitintale, Kampala, walikuwa na uwanja wao miaka mingi kabla yetu, wakati sisi bado tunakimbizana na masoja.

Mteremko alijibu:

Dada, kuhusu mabegi una haki, na kwa niaba yangu mwenyewe naomba radhi. Hata hivyo kuna kitu ambacho sehemu tambarare ilitupa. Mruko tunaouita oli, ule wa kuinuka na ubao bila kuushika kwa mkono, ulianza Florida miaka ya 1970 kwa Alan Gelfand, kwenye kuta zilizopinda. Rodney Mullen ndiye aliyeuleta kwenye sakafu tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tambarare ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, kwa hiyo tuliurudia mruko huo mmoja mpaka soli za viatu zikatoboka. Tuliutazama kwenye saiba, yaani duka la intaneti, shilingi moja kwa dakika, tukaisimamisha video kila mguu wa nyuma ulipogusa mkia, kisha tukakimbia kwenda kuujaribu kabla hatujausahau.

Ila kushuka Valley Road Jumapili asubuhi kwa magurudumu magumu ya sakafuni, ambayo hutetemesha meno kwenye lami yenye mikwaruzo, sitampendekezea mtoto wa mtu yeyote. Mwana wa Buru, mwambie huyo kijana kwamba magurudumu laini ni ya barabara na magumu ni ya sakafu. Sisi tulitumia yoyote yaliyopatikana.

Mwana wa Buru aliandika:

Asanteni nyote. Dada wa Kangemi, huenda nilikuwa mmoja wa wenye mabegi, na nimeona haya kusoma. Jumamosi nitampeleka kijana Kangemi kwanza akajifunze kuanguka, halafu tupitie Grogan. Ekseli nimezifungua jana: nati moja imeshika kutu, nyingine zote zimekubali. Mwanangu ameshayapanga yale magurudumu matatu juu ya meza, na anasisitiza kwamba la nne lazima liwe la rangi tofauti.