Mpingo, mfupa na shaba kwa samani ndogo za 1 kwa 12: vipatikane wapi huku?

Kutoka: Rotterdam

Salaam ndugu zangu. Natafuta vifaa vya kutengenezea kiti cha enzi cha Kilamu na kasha lenye njumu za shaba, vyote kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani sm 1 badala ya kila sm 12 za kitu halisi. Maswali ni matatu. Mpingo unapatikana wapi Ulaya bila kununua gogo zima? Naweza kumwagiza mtu anayetoka Dar aniletee kipande kwenye begi? Na pembe ya ndovu niibadilishe na nini?

Kutoka: Leicester

Waalaykum salaam. Nianze na la pili, maana ndilo linaloweza kukutia hasarani, wewe na huyo utakayemtuma.

Usimwagize. Mpingo ni wa jamii ya miti iitwayo Dalbergia, na tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii hiyo yote imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kitu kilichokwisha kutengenezwa kina msamaha, mradi mbao zilizomo kwenye mzigo mmoja zisizidi kilo 10. Kipande kighafi hakimo kwenye msamaha huo, hata kikiwa na gramu mia mbili. Kikikutwa forodhani bila kibali cha CITES cha nchi kilikotoka, kinataifishwa. Wengi hudhani sheria inahusu mpingo tu, kisha wanabeba mbambakofi au mninga. Tangu 23 Februari 2023 mbambakofi, mninga na mkangazi wa Afrika nao wameorodheshwa, kwa magogo, mbao zilizopasuliwa na vinia (tabaka nyembamba za mbao). Mvule na msaji havimo, lakini kwa kazi hii havikufai, na sababu nitaieleza.

Mpingo ulioingia Umoja wa Ulaya kihalali unauzwa humo dukani bila mnunuzi kuomba kibali. Kwa hiyo nunua ndani ya Umoja wa Ulaya na utunze risiti. Usinunue huku kwetu Uingereza wala Uskoti, ingawa watengenezaji wa zumari za mifuko wa Uskoti wana mabaki mazuri sana. Tangu 2021 mbao ikitoka huku kuja kwako inavuka mpaka wa forodha, na inadai karatasi zake.

Dukani ukiuliza mpingo hawatakuelewa. Mafundi wa klarineti Ujerumani huuita Grenadill, Wafaransa grenadille. Kikiandikwa "ebony" mara nyingi huo ni mti mwingine, Diospyros. Tafuta kwa wauzaji wa mbao za vyombo vya muziki, za mipini ya visu, au vipande vya kukerezea kalamu. Hivyo vya kalamu ndivyo vinavyokufaa: mm 20 kwa 20 kwa 130 hivi. Ukikipasua kwa msumeno unaokula mm 1, unapata vibao sita vya mm 2, na kila kibao kinatoa fito nne za upana wa mm 4. Fito 24 zinatosha kiti kimoja na zile zitakazovunjika, na fito zitavunjika. Kagua ncha zote mbili kabla ya kulipa. Kama nta ya kuzibia imebanduka, tazama kwa kioo cha kukuzia, utaona nyufa kama nywele. Ufa wa mm 10 kwenye ncha huwa umeingia ndani zaidi ya unavyoonekana.

Sasa sababu ya kukataa msaji na mvule. Mbao ya samani ndogo huchaguliwa kwa vinyweleo vyake (vile vitundu vidogo vya mbao), jina halisaidii. Kinyweleo cha mm 0.3 kwenye kipimo cha 1 kwa 12 kinaonekana kama tundu la karibu mm 4 kwenye meza ya kawaida. Msaji una vinyweleo vikubwa, mwaloni zaidi, na msaji tena una mchanga ndani yake unaoua makali ya patasi. Mpeasi (mti wa yale matunda ya peasi ya Ulaya), cheri na boksiwudi vina vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Mlango wa Unguja ambao asili yake ni msaji, uchonge kwa cheri au mpeasi kisha utie rangi. Utafanana na msaji kuliko msaji wenyewe.

Hata mpingo usiutumie kila mahali. Mpeasi uliotiwa weusi ni mwepesi kuchonga, na Ulaya umetumika kuigiza ile "ebony" kwa karne nyingi. Ila weusi unaingia sehemu ndogo tu ya milimita. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanapachika njumu, wanasugua msasa ili mfupa ulingane na mbao, na weupe wa mpeasi unatokea kandokando. Kwa hiyo miguu na fito zisizo na njumu, fanya za mpeasi. Mgongo na mikono inayobeba njumu iwe ya mpingo, ambao ni mweusi hadi kiini.

Kutoka: Minneapolis

Naongezea kuhusu kutia weusi. Mpeasi una tanini kidogo (ile dawa ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma), na maji ya chuma, yaani siki iliyolowekwa chuma, peke yake yataupa kijivu tu.

Chukua bunda moja la sufi ya chuma, lioshe kwa sabuni litoke mafuta, litie kwenye chupa yenye siki nyeupe ml 500. Kifuniko kiwe kimelegea, maana inatoa gesi na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka. Baada ya siku tano hivi ichuje kwa karatasi ya kahawa. Pembeni chemsha chai kavu, ndiyo itakayotia tanini inayokosekana: majani ya mifuko mitano kwa ml 250 za maji. Paka chai, ikauke kabisa, paka maji ya chuma. Weusi unakuja ndani ya dakika chache. Rudia mara mbili au tatu, na katikati lainisha kwa msasa namba 600 kwa sababu maji yanasimamisha manyoya ya mbao. Tia weusi baada ya kuchonga na kabla ya kugundisha. Palipoguswa na gundi hapashiki rangi. Na mfupa usiwepo karibu kabisa, maji ya chuma yanaugeuza kijivu.

Kwa walioko Marekani: madukani mbao nyembamba huuzwa kwa inchi. Bao la inchi 1/16 ni kama mm 1.6, sawa na ubao wa sm 1.9 kwenye samani ya kawaida, kwa hiyo linafaa kuta za kasha. Mbao ya tilia (huko huitwa basswood) ni rahisi na iko kila mahali, lakini nakshi yake inatoa manyoya na rangi inashika madoa. Iwe sehemu za ndani zisizoonekana.

Tena jambo la majira. Nyumba yenye joto la bomba wakati wa baridi inakausha hewa vibaya sana. Mbao iliyotoka stoo ikae ndani ya chumba cha kazi wiki tatu, imepangwa na vijiti katikati, ndipo upasue. Ukigundisha kifuniko cha kasha kabla haijatulia, Januari kitajikunja.

Kutoka: Leicester

Ahsante kaka. Nimalizie pembe, ambayo sikuigusa.

Pembe ya ndovu iache kabisa, hata ile ya vifuniko vya kinanda kilichovunjwa. Hapa Uingereza sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inapiga marufuku kuiuza na kuinunua, na misamaha yake ni michache. Tumia mfupa wa ng'ombe. Njia rahisi ni kununua vipande vya nati ya gitaa (kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye shingo yake), ambavyo vimeshatolewa mafuta. Kata kwa msumeno wa sonara, uwembe 4/0, mfupa ukiwa umelowa, vibao vya mm 0.8. Ukiutoa buchani, ulowekwe siku kadhaa kwenye maji ya sabuni ya vyombo, kisha kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Dawa ya klorini ya kufulia usiitie, inakula kile kinachoushikilia mfupa nao unamomonyoka.

Mpingo una mafuta. Futa kiungo kwa asetoni, gundisha papo hapo. Na unapolainisha, vumbi lake la zambarau linaingia kwenye vinyweleo vya mfupa na halitoki. Paka mfupa shelaki (aina ya vanishi) nyembamba kwanza, halafu kwangua kwa kipande cha chuma badala ya msasa. Vaa barakoa ya FFP3, ya kuzuia vumbi laini. Vumbi la jamii hii linawasha ngozi na kifua, na mwili ukishalikataa mara moja, hali huendelea kuwa mbaya.

Kutoka: Muscat

Kuhusu shaba ya kasha. Misumari ya mapambo inayopigwa kwenye mandusi ndogo za watalii huku ina vichwa vya mm 3. Kwa kipimo chenu hicho ni kichwa cha sm 3.6, kinaonekana kama kitasa. Tafuteni pini za shaba njano zenye kichwa cha mm 1 hadi 1.5. Toboa kila tundu kwanza kwa keekee ya mm 0.5, kata pini iwe fupi kuliko unene wa ukuta, ipachike kwa tone la gundi. Usipige nyundo, kuta za mm 1.6 zinapasuka. Mabamba ya pembeni kata kwa mkasi kutoka shaba ya mm 0.1, ukiwa umeibandika juu ya karatasi ngumu ili isijikunje.

Kutoka: Rotterdam

Shukrani sana. Kamba za kusuka kiti na mgongo je?

Kutoka: Leicester

Uzi wa kitani wa kushonea vitabu, ule mwembamba kabisa, uupitishe kwenye nta ya nyuki usitoe manyoya. Matundu ya mm 0.6, umbali wa mm 2, na uyatoboe kabla hujaunganisha fremu. Mpingo ukishaunganishwa, keekee ikiteleza huna pa kuushikia.