Naombeni ushauri: nimeacha kushangaa vitu, nifanyeje?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Juzi mwanangu wa miaka 5 alinivuta mkono nikamwone konokono anayepanda ukuta. Nikamwambia, "Tembea, tunachelewa." Hakulia wala hakubisha, aliniachia tu mkono. Tangu siku hiyo sina raha. Mimi nilikuwa mtu wa kulala kifudifudi nikitazama sisimizi wakikokota mguu wa panzi, na madaftari yangu ya shule yalijaa michoro. Siku hizi napita chini ya mti ule ule asubuhi na jioni, lakini ukiniuliza majani yake yakoje sijui. Wikiendi nilijilazimisha kwenda jumba la sanaa, nikamaliza vyumba vyote kwa nusu saa, nikatoka mtupu. Kuna aliyepitia hali hii akatoka? Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1
Pole sana mkuu. Vyumba vyote kwa nusu saa, hapo hujatazama kitu, umepita tu. Siku nyingine chagua picha moja, kaa nayo, nyingine ziache.

Halafu mtafute Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani. Mwaka 1503 alichora kwa rangi za maji kipande cha majani. Majani tu, yale tunayoyang'oa na kuyatupa, udongo wake chini na mizizi mingine ikionekana. Mchoro wenyewe uko Vienna, kimo chake kama sentimita 40. Mimi niliutazama kwenye simu siku nzima, nikirudi na kurudi. Kilichonishika ni pale alipoliweka jicho: chini kabisa, usawa wa majani, kama mtu aliyelala kifudifudi. Yaani pale pale ulipokuwa wewe na sisimizi wako.

Mchangiaji wa 2
Ya michoro siyajui, mimi niongelee konokono. Mtafuteni, mumweke juu ya kipande cha kioo, subirini atulie aanze kutembea, kisha mkiinue taratibu mumtazame kwa chini. Mtaona mistari myeusi na myeupe inapita tumboni mwake kama mawimbi, mmoja ukiisha mwingine unaanza. Ni misuli hiyo, inajikunja na kujikunjua, na ute ndio unaomshikilia hapo. Mkimaliza mrudisheni mlipomtoa.

Mchangiaji wa 3
Natofautiana kidogo na wenzangu. Kwanza unalala saa ngapi? Mtu aliyechoka hata mwezi mpevu haumgusi. Anzia usingizini. Ukishapumzika, shika penseli uchore jani moja kwa dakika 10. Mchoro ukiwa mbaya sawa tu, usimwonyeshe mtu. Mkono ukifuata mshipa wa jani, jicho nalo halina budi kukaa hapo hapo.

Mleta uzi
Mrejesho, wakuu. Tumempata jana jioni baada ya mvua, sijui kama ndiye yule yule. Mwanangu ndiye aliyeshika kioo, mimi nikapiga magoti. Mawimbi yanaanzia mkiani yanaelekea kichwani, polepole mno, na pembe zake zilikuwa zinapapasa hewa mbele. Akaniuliza, "Mbona haanguki?" Nikamwambia ni ute. Akagusa pale alipopita, akanusa kidole, akaninusisha na mimi. Giza likatukuta hapo hapo. Leo ameshaniagiza penseli mbili.