Mjadala: IGFBP-3 iitwe kizuia saratani au tuache kuipamba?

Mleta mada: Wakuu, nimechoka kusikia IGFBP-3 ikisifiwa kuwa "protini nzuri". IGF-1 ni kichocheo kinachoiamuru seli ikue na isife. Kwenye damu sehemu yake kubwa imeshikwa na IGFBP-3, na ikiwa imeshikwa haigusi kipokezi chake, yaani protini ya kwenye seli inayopokea amri yake. Mwaka 1995 ikaripotiwa kwamba p53, jeni inayozuia uvimbe, ndiyo huwasha jeni ya IGFBP-3. Basi watu wakaanza: tuwaongezee wagonjwa protini hiyo! Mimi napinga.

Mchangiaji wa kwanza: Unapinga nini, mkuu? DNA ikiharibika p53 inaamka, IGFBP-3 inamwagwa nje ya seli, IGF-1 inabanwa, seli inajiua. Tena p53 hiyohiyo hupunguza utengenezaji wa kipokezi cha IGF-1. Imebana huku na huku.

Mleta mada: Hapo p53 ni nzima. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina p53 mbovu, nani atawasha? Halafu kushika si kuangamiza. Vimeng'enya vinavyotoka kwenye uvimbe huikatakata IGFBP-3, na IGF-1 iliyokuwa imefungwa inaachiliwa palepale penye uvimbe. PSA, ileile tunayopimwa kwa ajili ya tezi dume, ni kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Unaongeza mlinzi, kumbe umejaza ghala la adui.

Mchangiaji wa pili: Na ndugu yake IGFBP-2 mmemsahau. Kwenye glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mara nyingi kiwango chake kiko juu, na huko imehusishwa na kudhoofika kwa PTEN, kizuizi kingine cha uvimbe. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali.

Mchangiaji wa kwanza: Nakubali kuhusu PSA, sikuwa nimeliwaza hilo. Ila hoja yako haiiui yangu. Hata figitumumab, kingamwili iliyoziba kipokezi chenyewe, majaribio yake ya saratani ya mapafu yalisitishwa, na hakuna aliyesema kipokezi hicho hakina maana. Tuchague wagonjwa ambao p53 yao bado inafanya kazi.

Mleta mada: Hapo tunaanza kuelewana. Ila kiwango cha IGFBP-3 tunakipima kwenye damu, na nyingi ya hiyo hutoka kwenye ini. Ndani ya uvimbe utajuaje ni ngapi ingali nzima na ngapi imeshakatwa?