Mjadala: Mkopo wa halmashauri lazima uwe na kikundi, tatizo ni watu au ni umbo la kikundi?

Wakuu kamwene, nianze na kisa. Kikoba chetu hapa Uyole tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Miaka mitano hakuna hata mia iliyopotea. Baadae tukajiona tumeendelea, hela zikahamia kwenye simu ya mweka hazina. Watu walewale, hisa zilezile, faini ya kuchelewa ileile, haikufika miezi nane tukawa tunaitana kwa mtendaji. Wenzangu wanasema yule mama kabadilika tabia, mi nasema tulichobadilisha ni umbo, yeye tulimwacha peke yake na hela za watu 25 usiku.

Hii habari ya umbo sijaiota. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Kijerumani, kwenye kitabu chake cha 1908 alitenganisha kinachowakutanisha watu (hela, dini, mapenzi, vita) na umbo, yaani wanavyohusiana wakishakutana. Akasema hata idadi tu inabadili mambo: mkiwa wawili, mmoja akiondoka kikundi hakipo, ila akija wa tatu anaweza akapatanisha au akawagombanisha ale yeye. Sasa fikirieni zile kufuli tatu, wawili wakipanga kuiba bado wana kazi ya kumshawishi wa tatu.

Tuje kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kijana mwenye wazo lake la kufuga kuku anaambiwa njoo na kikundi, anaokota washkaji stendi wasaini, hela ikitoka kila mtu na njia yake. Katiba wanayo, muhuri wanao, kikundi hakuna. Mnasemaje?

Wa Tukuyu: Kaka ugonile. Kwetu Rungwe kwa Wanyakyusa umbo halikuletwa na barua. Watoto wa kiume wakifika miaka kumi hivi walikuwa wanatoka kwa baba zao wanajenga vibanda pembeni, wanakua pamoja, wanaoa, kinakuwa kijiji cha rika moja. Kula bado walikula kwa mama zao, kundi zima linahama leo kwa mama huyu kesho kwa yule, hapo ndo uaminifu ulipotokea. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huku miaka ya 1930 wakachunguza, Monica akatoa kitabu 1951. Ila kahawa ilipoingia na ardhi ikabana, kila mtu akataka shamba lake na wanae, vijiji vya rika vikafa. Kwaiyo usilitukuze umbo, maslahi yalilila.

Wa Isimani: Mmesahau vijiji vya ujamaa nyie? Huku wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa na mashamba yao, ikaja amri ya kulima pamoja, mwisho wake Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa Dk. Kleruu akapigwa risasi na mkulima Mwamwindi. Serikali haikukoma, 1973 mpaka 1976 watu wakahamishwa nchi nzima, nyumba zikapangwa mstari kama magunia ghalani. Mstari ulinyooka, ujamaa ukabaki kwenye mabango. Kikundi cha mkopo ni mtoto wa kijiji kile, mi naunga mkono mtu mmoja akope kwa jina lake.

Aliyeanzisha: Mzee wa Isimani nakubali nusu. Umbo la kulazimishwa linaoza, sawa, ila mkopo wa mtu mmoja nao ni umbo: wewe na afisa, wawili tu, na afisa akitaka chake kidogo nani atamwona? Wa Tukuyu, wale watoto hawakuambiwa waaminiane, walikula sahani moja miaka. Mi ningeuliza kikundi kimekula pamoja muda gani kabla ya kuuliza muhuri.

Kikoba chetu tumerudisha sanduku. Ugomvi wa sasa ni nani ashike ufunguo wa tatu, kila mtu anamkataa shemeji wa mwenyekiti.