Kampuni ikianza kukodi ndege pamoja na marubani wake, mkataba wa hali bora uandikweje?

Kisongo27
Habari za jioni wakuu. Kampuni ni ya safari za mbugani, makao uwanja wa Arusha, ndege ndogo 6 aina ya Grand Caravan, marubani 14. Uongozi umetangaza mambo mawili. Kuanzia msimu wa Julai hadi Oktoba watakodi Caravan za kampuni nyingine pamoja na marubani wake. Pia baadhi ya safari za kutoka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) zitauzwa kwa namba ya ndege ya mshirika. Sisi marubani tuko kwenye rasimu ya mkataba wa hali bora, yaani wa pamoja na mwajiri. Kuna mtu katuletea kifungu cha Kimarekani kinachosema ndege za kampuni nyingine zinazopewa kazi zisizidi viti 76. Kinatufaa? Na bila kifungu chochote, sheria yetu inatulinda kiasi gani?

MzeeWaManifesti
Mkuu, hicho cha viti 76 kiwekeni pembeni, hakikutungwa kwa ajili yenu. Marekani mashirika makubwa kama Delta, United na American huwapa kampuni ndogo safari fupi, na kampuni hizo hurusha ndege ndogo. Kwa hiyo marubani wa shirika kubwa waliweka ukuta kwenye ukubwa: viti 76, na uzito wa kuruka usiozidi ratili 86,000, yaani kama kilo 39,000. Ukuta ule una nguvu kweli. Embraer E175-E2 ilitoka nzito kuliko kikomo, ikakosa soko huko. United nao walichukua mwili wa CRJ-700 wakafunga viti 50 tu, wakaiita CRJ-550, ili ihesabike kundi la viti 50.

Sasa nyie mnachukuliwa kazi na nini? Caravan ileile, viti vilevile, inatua viwanja vya Serengeti, Seronera na Kogatende, kama yenu. Kikomo cha viti hakizuii kitu hapo. Kinachowafaa ni uwiano wa saa, yaani saa za ndege za kukodi zisizidi asilimia fulani ya saa zote, na uwiano una mitego mitatu.

Wa kwanza ni kipindi cha kupimia. Chukua mfano: Julai hadi Septemba ndege zenu zimeruka saa 1,440 na za kukodi 360. Jumla 1,800, za kukodi ni asilimia 20. Saa hizohizo 360 ukizipima kwa mwaka mzima ambao ndege zenu zimeruka 4,000, unapata kama asilimia 8. Mkiandika "asilimia 10 kwa mwaka", kampuni inamwaga ndege za kukodi msimu wote na haijavunja chochote. Pimeni kwa miezi mitatu.

Wa pili ni mnagawa kwa nini. 360 kwa 1,800 ni asilimia 20, lakini 360 kwa 1,440 ni 25. Andikeni wazi "kwa jumla ya saa zote zilizorushwa kwa abiria wa kampuni, ziwe za ndege zake au za kukodi". Na saa ihesabiwe tangu choki (vizuizi vya magurudumu) zinapotolewa mpaka zinaporudishwa, ikiwemo safari tupu ya kuileta ndege ya kukodi.

Wa tatu ndio unaosahauliwa: ushahidi. Bila haki ya kuona karatasi, uwiano ni maneno tu. Dai nakala ya manifesti (orodha ya abiria wa safari) na ukurasa wa kitabu cha ndege kwa kila safari iliyobeba abiria wenu, ndani ya siku 14 baada ya mwezi kuisha. Angalia safu ya usajili. Ukiona 5H- (usajili wa Tanzania) isiyo yenu, au 5Y- ya Kenya, na abiria ana vocha ya kampuni yenu, hizo saa zinaingia upande wa kukodi hata kama uongozi unaita "kusaidiana abiria".

WakiliSekei
Nijibu la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haimkatazi mwajiri kukodi ndege. Inachofanya ni kumwekea utaratibu akitaka kupunguza watu. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi mara tu wazo la kupunguza linapoingia, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na kiinua mgongo. Msisitizo uko kwenye "wazo". Akishasaini mkataba wa kukodi ndege ndipo awaite, amechelewa, na hoja hiyo ina uzito mbele ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Fedha sasa. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yaani siku 70, basi, hata kama umekaa miaka 20. Msingi wa 5,200,000 kwa mwezi ukigawa kwa 4.333 kisha kwa siku 6, unapata kama 200,000 kwa siku. Mara 70 ni milioni 14. Rubani mwenye msingi wa 2,600,000 na zilizobaki posho ya kuruka anaondoka na milioni 7 tu, kwa sababu posho haimo kwenye hesabu. Hapo ndipo mkataba wa hali bora unapopaswa kuongeza, maana sheria imeweka sakafu, haijaweka dari.

Jambo la chama. Mko 14 na chama kipya cha wafanyakazi kinahitaji watu wasiopungua 20, kwa hiyo jiungeni na kilichopo. COTWU(T), chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, inahusika na usafirishaji. Kisha kitengo cha majadiliano kiandikwe "marubani", si "wafanyakazi wote", la sivyo mtatakiwa kupata wengi ukihesabu mafundi, mapokezi na madereva. Mkishakuwa wengi ndani ya kitengo, chama kinapeleka notisi ya kutambuliwa na mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Mkataba ukisainiwa, nakala iende kwa Kamishna wa Kazi.

Akiachishwa mtu, lalamiko la kuachishwa lifike CMA ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1. Wengi wanazimaliza siku hizo wakisubiri barua ya majibu ya HR.

NyundoPT6
Naongeza upande wa hangar. Kampuni itataka neno "dharura" kwenye kifungu: ndege ikiharibika, saa za kukodi zisihesabiwe. Ni haki yao, abiria aliyekwama Lobo hawezi kungoja kamati. Ila neno hilo mkiliacha wazi litameza kifungu chote. Injini ya Caravan, PT6A-114A, kikawaida inafunguliwa sehemu ya moto kukaguliwa kwenye saa 1,800 na inakwenda ovahoo (kufumuliwa yote) kwenye 3,600. Tarehe hiyo inajulikana miezi kabla, kwa hiyo sio dharura. Andikeni "hitilafu isiyopangwa, isiyozidi siku 10 kwa ndege moja", na matengenezo yoyote yaliyomo kwenye ratiba yasihesabiwe humo. Propela iliyopigwa na mawe kiwanja cha changarawe, hiyo ni dharura.

Kisongo27
Asanteni sana wakuu. Uongozi unajibu kwamba hakuna atakayepunguzwa, kwa hiyo kifungu hakina kazi. Na ile ya kuuza tiketi kwa namba ya mshirika je?

MzeeWaManifesti
"Hakuna atakayepunguzwa" ni kauli nyepesi kwa mtu anayelipwa kwa saa. Kazi unayo, ila ndege hugusi. Posho inakauka mwezi wa kwanza. Baada ya siku 90 bila kupaa na kutua mara 3, huruhusiwi kubeba abiria mpaka urudishwe kwenye hali hiyo, na hapo uongozi utasema "huyu hayuko tayari, tuite wa kukodi". Mduara umefungwa. Kwa hiyo ombeni vitu viwili pamoja na uwiano: saa za chini za kulipwa kila mwezi ziwe zimerushwa au la, na gharama ya kumweka rubani katika hali ya kuruhusiwa kurusha, pamoja na mitihani yake miwili ya mwaka, iwe juu ya mwajiri. Mwenye deni la mafunzo aliyolipiwa na kampuni, deni lifutike akipunguzwa.

Namba ya mshirika peke yake sio adui. Inaweza kuwaletea abiria. Inakuwa shida pale kampuni inapofuta safari yake ya KIA kwenda Seronera na kuendelea kuiuza kwa ndege ya mwingine. Andikeni kwamba njia ambayo kampuni ilikuwa inarusha yenyewe katika miezi 12 iliyopita isiuzwe kwa ndege ya mshirika bila saa zake kuingia kwenye uwiano.

WakiliSekei
Na msisahau kampuni dada. Wenye hisa wakifungua kampuni mpya yenye AOC (cheti cha kuendesha usafiri wa anga) yake na kuhamishia Caravan 3 huko, kifungu chenu kinabaki na ndege 3 na hakuna kilichovunjwa. Tafsiri ya "kampuni" mwanzoni mwa mkataba iseme: pamoja na kampuni yoyote inayomilikiwa au kuongozwa na wenye hisa haohao, na yeyote atakayenunua biashara.

Kuhusu mgomo, kabla hamjauliza. Kwenye orodha ya huduma muhimu za sheria wamo waongoza ndege na mawasiliano ya anga, marubani hawamo. Lakini mkishasaini kifungu hiki, kukivunja kwake ni lalamiko la kwenda CMA, sio sababu ya kugoma. Ndiyo maana zile nakala za manifesti alizosema Mzee ziwe na tarehe na zihifadhiwe na katibu wa tawi, si ofisini.