Dizeli ya sheli, alizeti ghafi au mafuta ya chipsi: nichukue lipi kabla ya Ijumaa?

Mgogo wa Nala
Mbukwenyi wadau. Nahitaji ushauri wa haraka. Nanunua na kuuza mazao, njia yangu kubwa ni Dodoma mjini, Kongwa na Mpwapwa, na dizeli inakula faida. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, watangaze bei kikomo. Ikishuka shilingi chache nashukuru, mwezi unaofuata imerudi palepale.

Sasa kuna mwenye hoteli hapa mjini ana mafuta yaliyokwisha kukaangia. Dumu la lita 20 ananipa kwa elfu ishirini na tano, ila anataka nichukue yote yanayopatikana kila wiki, na anataka jibu kabla ya Ijumaa maana kuna mtengeneza sabuni naye anayahitaji. Upande wa pili, shemeji yangu ana mashine ya kukamua alizeti Kibaigwa, anaweza kunipa mafuta ghafi kwa bei ya ndugu. Nimeona video za Wajerumani na Wamarekani wanamimina mafuta ya kupikia kwenye tenki na gari inaondoka. Nichukue lipi? Au niendelee na sheli?

Fundi Pampu Kizota
Gari gani? Injini gani? Ya mwaka gani? Pampu yake ni ya zamani au ni ya kompyuta? Bila hayo hakuna anayeweza kukushauri.

Mgogo wa Nala
Ni Hilux, fundi. Nzima kabisa, haina shida yoyote. Mimi naulizia zaidi hayo mafuta.

Fundi Pampu Kizota
Hilux ni jina la bodi, kaka. Kuna Hilux zina injini za zamani za 2L, 3L, 5L, na kuna zenye D4D, hizo za kompyuta. Fungua boneti upige picha.

Mkamuaji Singida
Wakati tunasubiri picha, niseme ninachokijua. Mimi nakamua alizeti, na kama ni lazima utumie mafuta ya mimea basi tumia mapya, achana na mabaki ya jikoni. Mafuta mapya unajua yametoka wapi. Hayana maji ya viazi, hayana chumvi, hayajaungua.

Lakini usidanganyike na neno "ghafi". Mafuta yakitoka kwenye mashine yana utomvu na nta, pamoja na vumbi la maganda. Yaache kwenye pipa wiki mbili au tatu bila kuyatikisa, uchote ya juu tu, halafu uyapitishe kwenye kitambaa kizito, na baada ya hapo kwenye chujio la kweli. Yale mazito yanayobaki chini ya pipa yakiingia kwenye nozeli, umekwisha. Mimi nayachanganya na dizeli kwenye injini ya Kichina ya silinda moja inayozungusha mashine yangu, theluthi moja mafuta, theluthi mbili dizeli. Nawasha kwa dizeli tupu, nazima kwa dizeli tupu. Inafanya kazi msimu mzima.

Tatizo ni hesabu. Gunia la kilo 65 la alizeti ya mbegu ya Record linanipa kama lita 17. Lita ya alizeti sokoni inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli. Shemeji yako akikupa kwa bei ya ndugu, yeye ndiye anayelipa tofauti. Atavumilia hadi lini?

Mama Hiace Kondoa
Mleta uzi, kabla hujampa huyo wa hoteli jibu, muulize anakaangia mafuta gani na anakaanga nini. Nakueleza kwa uchungu.

Nilikuwa na Hiace ya 3L, inapiga Kondoa–Dodoma. Dereva wangu akaungana na gereji moja hapa mjini, wakamwambia injini ya 3L inakula chochote, wakawa wanamchanganyia mafuta yaliyotumika na dizeli. Mimi sikuambiwa. Nilikuwa naletewa hesabu ya dizeli ileile, faida wanagawana wao. Miezi ya joto gari ilikwenda, ila abiria walilalamika kwamba moshi wake unanuka chipsi, nikadhani ni maneno ya watu.

Ukafika Julai. Mnajua baridi ya asubuhi ya Julai huku kwetu, usiku inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Gari ikatoka Kondoa alfajiri imejaa, ikaanza kukosa nguvu kila mlima, ikafika Mayamaya ikazima. Wakabadilisha filta, ikatembea kidogo, ikazima tena. Filta waliyoitoa ilikuwa imejaa kitu cheupe kilichoganda. Yale mafuta yalikuwa ya mawese, na walikuwa wamekaangia kuku na nyama, kwa hiyo shahamu imo humohumo. Abiria wakashushwa barabarani na watoto na mizigo, wengine walikuwa na wagonjwa wanawapeleka hospitali. Nilirudisha nauli ya kila mtu.

Ilipovutwa hadi mjini, fundi mwingine akafungua pampu. Ndani kuna kutu, maana mafuta yale yalikuwa na maji. Nozeli zote nne zina masizi magumu. Akamwaga oili ya injini, haikumwagika, ilikuwa nzito kama uji wa ulezi. Pampu, nozeli, ringi za pistoni na kazi ya mikono, ilipita milioni moja na nusu, na gari ililala zaidi ya mwezi mzima wakati marejesho ya mkopo yanaendelea. Ile gereji ikakana kila kitu.

Kwa hiyo mtu akiniambia mafuta ya chipsi ni bei nafuu, mimi namuuliza: nafuu ya nani?

Mzee wa Barabara ya Mtera
Pole sana mama. Ila hapo mafuta yasilaumiwe peke yake, hayo yalikuwa hayajachujwa wala kupashwa. Mimi nimeendesha mkonga, Landcruiser yenye injini ya 1HZ, miaka mingi, Dodoma–Iringa, nimeipandisha Nyang'oro na mzigo. Ile injini ukiiheshimu inakubali mafuta ya mimea. Na vijana mjue, huyo Diesel mwenyewe aliyebuni injini ya dizeli, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini yake ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Si jambo la kubahatisha.

Fundi Pampu Kizota
Shikamoo mzee. Ni kweli 1HZ ni afadhali, kwa sababu inachomea kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla moto haujafika kwenye pistoni, na nozeli yake inafunguka kwenye bar 150 hivi. Inavumilia. Lakini injini ya mwaka 1900 ilikuwa kubwa na ya taratibu. Ukiichukua kama ushahidi wa gari ya leo utawapoteza watu.

Na hata hiyo 1HZ, kama haina tenki mbili na kipasha mafuta, siipi baraka. Tenki dogo la dizeli la kuwashia, tenki la mafuta ya mimea linalopashwa na maji ya redieta, na swichi ya kuhamisha. Injini ikishapata moto ndipo unahamia kwenye mafuta. Kabla hujafika, unarudi kwenye dizeli ili isafishe pampu na nozeli. Ukizima ghafla na mafuta yamo ndani, kesho asubuhi utaniita. Na usiweke paipu za shaba, shaba inafanya mafuta yaharibike haraka.

Mwalimu wa Kemia, Nkuhungu
Naomba niongeze sababu, maana watu wanaambiwa "usifanye" bila kuelezwa kwa nini.

Kwa nyuzi joto 40, mafuta ya alizeti ni mazito karibu mara kumi ya dizeli. Nozeli inatakiwa kuyapuliza yawe ukungu, badala yake inatoa matone. Matone hayaungui yote. Mengine yanakuwa masizi kwenye nozeli na ringi, mengine yanateleza ukutani mwa silinda hadi kwenye oili ya injini. Humo, kwa joto na hewa, yanaungana na kuwa gundi. Alizeti iko mbaya zaidi hapo kuliko mawese, kwa kuwa ndiyo yenye tabia ya kukauka. Mawese yana uvumilivu huo lakini yanaganda kwa baridi, kama alivyoona mama wa Kondoa. Kwa hiyo kila moja lina ugonjwa wake. Ukiyapasha hadi nyuzi 70 au 80 yanalainika kiasi cha nozeli kuyaweza, ndiyo maana fundi anasisitiza kipasha.

Njia ya nne ambayo mleta uzi hakuitaja ni kuyageuza yawe biodizeli. Lita moja ya mafuta mapya, mililita 200 za methanoli, gramu tatu na nusu za kostiki soda, kwa joto la nyuzi 55 hivi. Gliserini inashuka chini, biodizeli inabaki juu, unaiosha na kuikausha. Mafuta yaliyotumika yana asidi, lazima uyapime kwanza ndipo uongeze kostiki, la sivyo utapata sabuni. Biodizeli haina uzito wa mafuta tena. Lakini methanoli ni sumu, inapofusha na kuua, mvuke wake unashika moto upesi. Si kazi ya uani penye watoto. Na biodizeli ikiingia kwenye gari kuukuu inalainisha mipira na kung'oa uchafu wote wa tenki, filta za mwanzo zitaziba.

Mkamuaji Singida
Mwalimu, methanoli unainunua Dar, unalipa usafiri, unaichoma. Faida iko wapi?

Mwalimu wa Kemia, Nkuhungu
Kwa mtu mmoja mwenye gari moja, sioni faida. Kwa kikundi chenye mafuta mengi na mahali salama, pengine.

Mtetezi wa Mkulima
Mimi nasikitika tunajadili kuchoma alizeti barabarani. Nchi hii sehemu kubwa ya mafuta ya kula inaagiza nje, halafu sisi wa kanda ya kati, ambao ndio tunalima, tuyamimine kwenye tenki? Mnakumbuka mbono kaburi, ile jatropha ya kutengenezea mafuta ya injini? Watu waliambiwa ni dhahabu ya kijani, Kisarawe ikatolewa ardhi zaidi ya hekta 8,000, mwaka 2011 mradi ukasimama na wanakijiji wakabaki bila shamba na bila kazi. Mafuta ya gari yakianza kushindana na sufuria, anayeumia ni yuleyule.

Mkamuaji Singida
Ndugu, mkulima wa alizeti anachohitaji ni soko. Mwaka ambao mawese ya nje yanaingia kwa ushuru mdogo, sisi tunauza gunia kwa hasara na mwaka unaofuata watu wanalima choroko. Mnunuzi yeyote wa ziada ni rafiki yangu, awe na sufuria au awe na Fuso.

Mtetezi wa Mkulima
Ushuru ni hoja nyingine, na hapo niko na wewe. Lakini suala la chakula siliachii.

Mgogo wa Nala
Samahanini, mtandao ulikuwa chini. Nimepiga picha. Imeandikwa D-4D, kijana wa gereji anasema ni 2KD.

Fundi Pampu Kizota
Kaka, hilo ndilo ungelianza nalo. Hiyo ni komoni reli. Shinikizo linapita bar 1,300, nozeli zina matundu madogo mno na zinaongozwa na kompyuta. Usiweke mafuta ya chipsi, usiweke alizeti, hata kidogo cha kuchanganya. Ili ununue nozeli zake nne mpya utauza shamba. Sheli tu, tena sheli unayoiamini, na filta badilisha mapema.

Mzee wa Barabara ya Mtera
Auze hiyo anunue mkonga.

Mama Hiace Kondoa
Mzee, mkonga uliosimama vizuri unajua bei yake siku hizi? Kama anataka ya zamani atafute Hilux ya 3L au 5L, vipuri vimejaa. Ila aiendeshe kwa dizeli.

Mzee wa Barabara ya Mtera
3L kichwa kinapasuka ukiipandisha Saranda na mzigo. 1HZ silinda sita, mama, haihangaiki.

Mama Hiace Kondoa
Kichwa kinapasuka kwa mtu asiyeangalia maji. Yangu haikuwahi kuchemsha mpaka walipoilisha hayo mafuta.

Mgogo wa Nala
Nimewaelewa kuhusu Hilux, siigusi. Lakini kuna jambo sikulisema. Baba ana mashine ya kusaga Mvumi, inazungushwa na injini ya Lister ya zamani, ile ya kuwasha kwa mkono. Inakunywa dizeli kila siku. Je, ile?

Fundi Pampu Kizota
Hapo sasa tunaongea. Lister ni ya taratibu, pampu yake rahisi, hata ikichafuka unaifungua palepale kijijini. Anza na kuchanganya kama anavyofanya ndugu wa Singida, washa na zima kwa dizeli, oili mwaga mapema kuliko kawaida. Mafuta ya hoteli yapime maji kwanza: weka kidogo kwenye kikaango cha moto, yakipasukapasuka yana maji. Yapashe hadi maji yaishe, yaache yatulie, ndipo uchuje.

Mtetezi wa Mkulima
Kama ni mabaki ya hoteli kwenye mashine ya kijiji, sina ugomvi. Hayo ni afadhali yachomwe kuliko yarudi mtaani kukaangia maandazi.

Mwalimu wa Kemia, Nkuhungu
Kweli kabisa. Ila piga hesabu, Mgogo. Dumu kwa elfu ishirini na tano ni shilingi 1,250 kwa lita. Toa maji na makapi, toa kuni za kupashia, toa nauli ya kuyapeleka Mvumi. Na nishati yake kwa lita ni pungufu kidogo ya dizeli. Lister ya baba inakunywa lita ngapi kwa siku?

Mgogo wa Nala
Itabidi nimuulize. Na wa hoteli anasema anachanganya, wiki nyingine alizeti, wiki nyingine mawese, inategemea bei.

Mama Hiace Kondoa
Hilo peke yake lingetosha kumwambia hapana.

Mkamuaji Singida
Mwambie akutengee ya alizeti tu, ya mawese ampe wa sabuni. Halafu Mgogo, kama shemeji yupo Kibaigwa, muulize mashudu anauza bei gani sasa. Nina mfugaji wa kuku Ihumwa ananisumbua.