Kolo (Kondoa): kupanda kuona michoro ya miambani, goti la mzee litamudu?

MgetaJuu:
Wakuu, habari za Jumatatu.

Mimi na mzee wangu tuna kamchezo ketu: kila mwaka tunapanda kilima kimoja. Mwaka juzi tulipanda Uluguru hadi Morningside, mwaka jana tukaenda Irente kule Lushoto. Mwaka huu kachagua yeye, tena hataki mjadala: Kolo. Alisikia redioni habari za michoro ya watu wa kale, na tangu siku hiyo hatulali.

Ana miaka 63. Pumzi ananishinda, ila goti la kushoto linalalamika wakati wa kushuka. Mpando wenyewe ukoje? Wanyama wapo? Na hiyo michoro inaonekana kweli, au ndiyo ile ya kuambiwa "pale pana twiga" wakati wewe unaona doa la kutu? Msinione mkorofi, nishawahi kusafiri siku nzima kwenda kuona maporomoko yasiyo na maji.

Bushi_la_Babati:
Mkuu, kama shida yako ni wanyama, pitiliza Babati uende Tarangire. Kolo utaona mawe na pimbi.

Chaki_Nyeupe:
Huyo wa juu hajakosea sana, ila pimbi kawadharau bure.

Nimefundisha Kondoa miaka sita na Kolo nimepanda kama mara nane, nyingi nikiwa na wanafunzi, kwa hiyo pumzi nyingine niliimalizia kwenye kuhesabu vichwa. Nianze na njia. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu, ilizinduliwa 2018. Kolo ipo hapo hapo barabarani, kaskazini ya mji wa Kondoa, kilomita ishirini na ushee. Shukeni kwenye ofisi ya mambo ya kale, lipeni ada, mpewe kiongozi. Msijaribu kwenda wenyewe. Kutoka hapo mpaka chini ya kilima ni kama kilomita 9 za barabara mbovu, na mto Kolo ni mto wa mchanga: kiangazi unavuka kavukavu, masika unaweza kukugomea. Nendeni kati ya Juni na Oktoba.

Mpando si mrefu, ila ni mkali. Sisi na watoto tulitumia kama nusu saa, tukisimama kila aliyekuwa na kiu alipotangaza kiu yake. Mzee ataupanda. Kushuka ndiko kutamtafuna, maana kuna changarawe juu ya mwamba. Fimbo mbili, siyo moja.

Sasa mawe. Kilima kile kipo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ardhi ilipopasuka mwamba ulikatika mabamba makubwa, mengine yamesimama wima, mengine yameinama mbele kama paa la kibanda. Uso wa bamba unakuwa ukuta wa kuchorea, na lile lililoinama linaukinga na mvua. Bila mapaa hayo tusingekuwa na la kusimulia leo. Sehemu zenye michoro katika eneo zima zinazidi 150, zimetawanyika, na UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Serikali ya kikoloni ilishaanza kuzitambua tangu 1937.

Kuhusu doa la kutu: umepatia kuliko unavyodhani. Rangi nyekundu ile ni udongo wenye madini ya chuma, kwa hiyo ni kutu kweli. Dakika ya kwanza hutaona kitu. Mara yangu ya kwanza nilitikisa kichwa kwa adabu, kiongozi akinionyesha, nikawa nawaza chakula cha mchana. Kaeni chini. Acheni macho yazoee kivuli. Utaona mstari mmoja, ukiufuata unakuwa mgongo, mgongo unakuwa pofu, halafu ghafla ukuta wote umejaa: twiga, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya duara, sijui ni nywele au kilemba. Juu yake utakuta michoro minene myeupe, hiyo ni ya baadaye, ya wakulima waliofika wakakuta ukuta umeshachorwa wakachora juu.

Umri wake wataalamu wanabishana. UNESCO wanasema angalau miaka 2,000. Ile myekundu watafiti wengi huihusisha na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe ambao mpaka leo wapo Kwamtoro na lugha yao ya vidoko.

Mwambie mzee aulizie mchoro wa watu watano, wawili huku, wawili kule, wa katikati ameshikwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyepiga kambi huko 1951 kunakili michoro, aliona mwanamke anagombaniwa. Wengine wanasema ni ngoma ya waganga, wa katikati amepandisha na wenzake wanamdaka asianguke. Darasa langu la Kidato cha Pili lilibishana mpaka tulipofika kwenye basi. Msichana mmoja alisema "labda wanacheza tu," na sijapata jibu zuri zaidi.

Wanyama: pimbi wanaoota jua, nyani, tai juu. Ukiwa wa kwanza asubuhi na mkitembea kimya unaweza kumwona mbuzi mawe amesimama kwenye ncha za kwato kama amevaa viatu virefu. Mimi nimemwona mara moja, tena mgongo tu.

La mwisho: usimwage maji kwenye mchoro ili ung'ae kwenye picha. Mwenzangu mmoja alishafungua chupa, kiongozi akamdaka mkono kabla mimi sijafumbua mdomo. Maji yanavuta chumvi ya ndani ya mwamba, yakikauka inabaki utando mweupe juu ya rangi.

Irangi_Asilia:
Mwalimu umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Mungomi wa Kolo, yaani hapo hapo kwenye michoro mnapopanda, siyo kivutio tu. Wazee wetu bado wanapanda pale kuomba mvua na kwa ajili ya wagonjwa. Mkikuta watu na pombe ya mtama, simameni mbali, kamera mfukoni. Ndiyo, watu wa uhifadhi hawapendi pombe ile inaponyunyizwa mwambani. Mazungumzo hayo yapo tangu zamani na sitayamaliza hapa.

Mkiwa juu geukeni pia mtazame chini, maana wageni wote huelekeza macho ukutani. Vilima vile vilikuwa makorongo matupu mekundu. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa. Ng'ombe wa babu walikuwamo. Miti mnayoiona imerudi baada ya hapo. Babu hakuwasamehe mpaka anakufa, lakini kivuli chake alikikalia.

MgetaJuu:
Nimemsomea mzee yote. Kwa hadithi ya ng'ombe kanyamaza muda mrefu, naye kwao walikuwa nao. Kisha kauliza swali moja tu: fimbo akate huku au atapata huko?

Chaki_Nyeupe:
Akate huko Morogoro. Kwetu miti imerudi kwa shida, kama ulivyosoma.

MgetaJuu:
Sawa mwalimu. Tayari yuko nje na panga.